Ushauri: Niombe ukurugenzi wa shirika la kulea vijana, au nibaki na uafisa wangu?

Binti Sangabuye

Habari za jioni wakuu.

Nina miaka 34, niko Mwanza. Huu ni mwaka wa sita niko afisa mradi kwenye shirika dogo la vijana. Tunamkutanisha kijana wa miaka 12 hadi 18 na mtu mzima mmoja wa kujitolea, tunamwita mlezi. Wanaonana angalau mara mbili kwa mwezi: shule, ufundi, mambo ya nyumbani, chochote kinachomsumbua kijana.

Sasa shirika jingine linalofanya kazi kama yetu, ila kubwa kidogo, limetangaza nafasi ya Mkurugenzi Mtendaji. Mwisho wa maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wanataka uzoefu wa uongozi miaka 5 na uwezo wa kutafuta fedha. Shahada ya uzamili "itakuwa sifa ya ziada". Mshahara ni "kwa maelewano". Mimi nina shahada moja tu, ya maendeleo ya jamii, na cheo kikubwa sijawahi kushika. Lakini nimesimamia walezi 40, na meseji za "nimepata dharura" nazijua kabla hazijaingia.

Yanayonikwaza ni mawili. Mwanzilishi anaachia ukurugenzi ila anabaki kwenye bodi. Halafu mume wangu anasema tangu Trump asimamishe misaada Januari 2025, ukurugenzi wa NGO ni kazi ya kuzima taa na kufunga geti.

Barua nimeanza hivi: "Mimi ni mchapakazi, mwadilifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa kwa karibu..." Nipeni maoni, msinionee huruma.

Chai ya Rangi

Mshahara kwa maelewano maana yake mtaelewana kwamba haupo.

Nakaa hapa kusubiri wajuzi.

Kigogo Mstaafu

Mwanangu, nimekaa kwenye bodi za mashirika mawili kama haya. Mwanzilishi kubaki kwenye bodi si dhambi. Swali ni nani anasaini hundi. Omba katiba ya shirika uisome mwenyewe: mkurugenzi anaajiriwa na nani, anaachishwa na nani, watia saini benki ni akina nani. Kama bado ni mwanzilishi, shemeji yake na mhasibu, wewe utakuwa karani mwenye ofisi nzuri.

Pili, omba hesabu zilizokaguliwa za miaka 3. Na uliza kama ripoti za mwaka zimefika kwa Msajili wa NGO. Baada ya marekebisho ya sheria ya 2019, cheti kina uhai wa miaka 10, baada ya hapo unahuisha. Kanuni za 2018 nazo zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ufikishwe kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu usainiwe. Nimeona mtu anaingia ofisini Jumatatu, Jumatano anapokea barua ya kudaiwa ripoti za miaka miwili ambayo hakuwepo. Barua haiulizi ulianza lini kazi.

Mama Wawili

Dada, mimi nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara nyingi. Hiyo barua ichane. "Mchapakazi, mwadilifu" tunaisoma asubuhi mpaka jioni, na aliyetafuna masurufu naye aliandika hivyohivyo.

Jiandae na swali la ulinzi wa mtoto, kwenye shirika la aina hiyo haliwezi kukosa. Mimi huwa nauliza hivi: mlezi wa kiume amempakia binti wa miaka 14 kwenye pikipiki saa moja usiku, anasema alikuwa anamsaidia kuwahi nyumbani. Mzazi hajalalamika. Utafanya nini? Wengi wanaanza na "nitamwita tuongee". Mimi nataka kusikia kwamba mlezi anasimamishwa kukutana na binti usiku huohuo, binti anasikilizwa na mwanamke aliyefunzwa, kisha ofisa ustawi wa jamii anajulishwa. Ipitie Sheria ya Mtoto ya 2009 kabla hujaenda.

Halafu, una kitu gani ulichokibadilisha wewe mwenyewe hapo kazini? Kimoja tu.

Binti Sangabuye

Shikamoo Mzee Kigogo, nimenakili yote.

Mama Wawili, kipo. Kuna kijana wa Igoma alikuja ofisini Jumamosi tatu mfululizo. Shati limepigwa pasi, daftari la hesabu mkononi, anakaa kwenye benchi la barazani kuanzia saa tatu. Mlezi wake alikuwa amehamishiwa Dodoma, hakumuaga wala hakutuambia. Jumamosi ya tatu nikamwambia mlezi hatakuja tena. Akaniuliza, "Nilimkosea nini?" Ya nne hakuja.

Nikaenda kuhesabu: kati ya walezi 40, 17 walikuwa wamepotea kabla ya mwaka kuisha. Tukaanza kuwasainisha miezi 12. Kila vijana watano wana mlezi mmoja wa akiba wanayemfahamu kwa sura, na anayetaka kuondoka lazima aje aage ana kwa ana. Mwaka uliopita walipotea watano.

Mama Wawili

Na hilo halimo kwenye barua kwa sababu gani?

Anza na benchi. Halafu 17, halafu 5, halafu ulichofanya katikati. Ukitaka kuongeza uzito, kuna utafiti wa Grossman na Rhodes wa 2002 juu ya Big Brothers Big Sisters, shirika kama lenu kule Marekani: waliodumu na mlezi mwaka au zaidi ndio waliofaidika zaidi, na waliokatishwa ndani ya miezi michache walipungukiwa na kujiamini. Wewe uliyaona hayo barazani.

Jembe Butu

Mimi naenda kinyume nanyi. Nilikuwa mkurugenzi wa NGO miaka miwili. Nilikuwa pia mhasibu, dereva na mwandishi wa maandiko ya miradi. Miezi minane ya mwisho sikulipwa, na nilipokwenda NSSF nikakuta michango ilishakoma kitambo. Benchi halilipi kodi ya nyumba.

Ukiitwa, uliza swali moja tu kabla ya mengine: mshahara wa nafasi hii una fedha mkononi kwa miezi mingapi? Mkononi, si "tunatarajia". Ikipungua 12, uafisa wako unatosha.

Mama Wawili

Hapo kaka nakubaliana nawe. Asisubiri kuitwa, namba si ipo kwenye tangazo?

Binti Sangabuye

Mrejesho wakuu. Nimepiga. Nikauliza fedha ya mshahara ipo kwa miezi mingapi. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha sauti ya mama mtu mzima: "Kumi na minne. Wewe ni wa kwanza kuuliza." Akaniuliza jina, nafanya kazi wapi, vijana wangapi. Tumeongea dakika 20. Hesabu zilizokaguliwa atawapa watakaoitwa. Mwishoni nikauliza naongea na nani. Ndiye mwanzilishi.

Chai ya Rangi

Kwa hiyo usaili umeshafanya, umebakiza barua.

Kigogo Mstaafu

Miezi 14 si haba. Lakini mbona simu ya maombi anapokea yeye, si bodi? Hilo nalo liulize.

Binti Sangabuye

Nimeliandika kwenye orodha, Mzee. Barua inaanza na benchi. Naituma Jumatano, Alhamisi huku umeme hauaminiki.