Lori kukataa kuwaka asubuhi: kwa nini mafundi wa Mombasa hufungua pampu kabla ya kupima chochote?

Ndugu wenye malori na madereva wenzangu wa Mombasa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika gereji nyingi za mji wetu, lori la dizeli likifikishwa kwa malalamiko ya kukataa kuwaka, fundi hushika spana kabla hajauliza swali hata moja, na spana hiyo huelekea moja kwa moja kwenye pampu ya injekta, ambayo ndiyo kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote katika njia ya mafuta. Mwenye gari hulipia kuifungua, kuipeleka kwenye mashine ya kupimia, kubadilisha vipuri vya ndani na kuirudisha mahali pake. Asubuhi inayofuata lori linakataa kuwaka vilevile, naye anaambiwa kwa utulivu kabisa kwamba sasa ni zamu ya nozeli, zile zinazopuliza ndani ya silinda dizeli inayosukumwa na pampu hiyo.

Lori letu ni Canter ya zamani iliyoletwa nchini ikiwa imeshatumika, yenye injini ya 4D33 na umeme wa volti 24, na kazi yake ni kubeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya upande wa Kilifi hadi maeneo ya ujenzi hapa mjini. Dalili zake zilikuwa wazi. Jioni lilizimwa likiwa halina tatizo lolote. Asubuhi stata ilizungusha injini kwa kasi ya kawaida, lakini ekzosi haikutoa moshi wowote na injini haikushika. Dereva akishuka na kuvuta mafuta kwa pampu ya mkono mpaka aihisi imekuwa ngumu, injini iliwaka, na baada ya hapo lori lilifanya kazi mchana kutwa, likizimwa na kuwashwa likiwa na moto, yaani injini ikiwa imeshapata joto, bila kusumbua. Dereva alieleza haya yote kwa utaratibu siku ya kwanza tulipofika gereji, nami nilikuwa nimesimama kando nikisikiliza. Fundi mkuu alimjibu kwamba dereva kazi yake ni usukani.

Maelezo ya dereva yalikuwa ni ushahidi uliokamilika, na yeyote anayejiita fundi wa dizeli alipaswa kuyapokea hivyo. Injini ikizungushwa bila kutoa moshi wowote, maana yake ni kwamba dizeli haifiki ndani ya silinda. Moshi mweupe ungeonyesha kwamba dizeli inafika lakini haichomeki, na hapo mtu angekuwa na haki ya kuuliza habari za kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), za muda wa kupuliza mafuta au za stata inayozungusha polepole. Vilevile, pampu ya injekta iliyochakaa kwa kawaida hujionyesha injini ikiwa na moto, kwa sababu dizeli yenye joto huwa nyepesi na hupenya kwa urahisi zaidi katika nafasi zilizolika. Lori linalowaka vizuri likiwa na moto na kukataa baada ya kulala usiku kucha linaelekeza kidole mahali pengine. Zaidi ya yote, ikiwa pampu ya mkono inamaliza tatizo, basi pampu ya injekta haina kosa: imepelekewa mafuta, nayo imefanya kazi yake.

Pamoja na hayo, pampu ilifunguliwa. Iliporudi na hali ikabaki ile ile, zikafunguliwa nozeli. Baada ya nozeli tukaambiwa tununue hita plagi, yaani plagi za kupashia silinda joto kabla ya kuwasha, na hilo lilinikera kuliko yote. Hapa ni Mombasa, ambako hata alfajiri ya mwezi wa saba joto kwa kawaida halishuki chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Injini inayopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ikiwa na kompresheni nzuri na betri zenye nguvu, huwaka katika joto la namna hiyo hata hita plagi zikiwa zimekufa zote. Anayemuuzia mtu wa pwani hita plagi kama dawa ya lori lisilotoa moshi ama hajui kazi yake, ama anajua anachokifanya. Hatua ya mwisho waliyopendekeza ilikuwa kufungua injini nzima, na hapo nililitoa lori mikononi mwao.

Sasa niseme tatizo lilikuwa wapi, kwa sababu naamini wapo wengine wanaolipa leo kwa kosa hili hili. Kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu ndogo ya kuvutia mafuta, dizeli haisukumwi bali inavutwa, na kwa hiyo mgandamizo ndani ya bomba hilo ni mdogo kuliko wa hewa ya nje. Palipo na ufa, mafuta hayadondoki nje. Ni hewa inayoingia ndani, kama mrija wa kunywea dafu uliopasuka juu ya maji. Ndiyo maana fundi anayeinama chini ya gari kutafuta tone la dizeli, asilione, kisha akatangaza kwamba njia ya mafuta ni salama, hajapima kitu. Usiku, hewa inapopenya polepole, dizeli iliyomo bombani hurudi tangini, na asubuhi pampu hukuta bomba tupu. Mchana tatizo hujificha, kwa kuwa pampu ya kuvutia huleta mafuta mengi kuliko yanayohitajika na ziada yake hurejea tangini pamoja na mapovu yake.

Kipimo chake ni rahisi kiasi cha kutia uchungu. Dereva na taniboi walichukua jerikeni safi la dizeli, wakaliweka imara mahali pasipoweza kumwagika, karibu na usawa wa tangi ili mafuta yasiteremke yenyewe kuingia kwenye pampu, wakachomoa bomba linalotoka tangini, wakaunganisha mpira mpya kutoka jerikenini hadi kwenye pampu ya kuvutia, wakatoa hewa, wakawasha injini kwa muda, kisha wakaizima na kuliacha lori lilale. Asubuhi liliwaka bila pampu ya mkono. Kwa gharama ya mpira mmoja tulikuwa tumeitoa hatiani pampu, nozeli, hita plagi na injini nzima, na kilichobaki ni kipande cha bomba kati ya tangi na pampu ya kuvutia. Tulipofungua kifuniko cha juu cha tangi tulikuta bomba la kuvutia mafuta limeliwa na kutu pale linapoungana na kifuniko, juu ya usawa wa dizeli, na mpira ulioshikana nalo umekauka na kupasuka chini ya klipu. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula vyuma vya namna hiyo, hasa katika tangi linalolala likiwa nusu tupu, kwa sababu unyevu wa hewa iliyo ndani hugeuka maji usiku, na maji hukaa chini yakizalisha kutu. Kujaza tangi jioni na kufungua mara kwa mara kizibo cha kumwagia maji kwenye chujio ni kinga ambayo gereji ingeweza kutushauri bila kutoza hata senti.

Asiyetaka kutumia jerikeni anaweza kuweka kipande cha mpira wa kuonyesha ndani kabla ya pampu ya kuvutia na kutazama kama mapovu yanapita. Kabla ya hapo akague washa (pete za kuzibia) za shaba kwenye bolti za mabomba na za chujio, kwa kuwa mafundi wetu wana tabia ya kuzirudisha zile zile kuukuu kila wanapofungua, na mzingo wa mpira wa chujio jipya ambao mara nyingi hukaa umejikunja. Akague pia kifaa cha kuzimia injini, kiwe cha waya wa kuvuta au cha umeme, kwani kikikwama katika hali ya kuzima hukata mafuta kabisa, na hilo nalo hufanana na pampu iliyokufa.

Upande wa umeme, nao unapuuzwa kwa namna ile ile. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Malori mengi ya volti 24 yana betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, na kila moja lazima ipimwe peke yake stata inapozunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri hiyo ni dhaifu au haijajaa, hata kama mwenzake ni mpya. Mtindo wa kuvuta umeme wa redio au taa za mapambo kutoka betri moja tu, bila kifaa cha kushushia volti, huidhoofisha hiyo moja huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, kisha mwenye gari anaambiwa anunue betri mbili mpya na stata juu yake. Waya mnene wa aithi kati ya betri, chesisi na injini upimwe pia wakati wa kupiga stata: ukipoteza zaidi ya nusu volti, una kutu au umelegea, na brashi ya chuma itamaliza kazi.

Najua hoja ambayo mafundi huitoa wakibanwa: dizeli ya siku hizi imechanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji upo, na ndiyo sababu mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma vya pampu kama dizeli, na anayenunua dizeli ya jerikeni kando ya barabara anahatarisha pampu yake kwa kweli. Lakini uchakavu wa namna hiyo una dalili zake, nami nimekwisha kuzieleza. Haugeuki kuwa jibu la kila lori linalokataa kuwaka, wala hauhalalishi bili iliyoandikwa kabla ya kipimo.

Lipo jambo jingine nisiloweza kulinyamazia. Gereji hiyo hiyo ilipokosa jibu ilimtuma kijana afunge kitambaa kilicholowa petroli kwenye mdomo wa kuingizia hewa ili injini ishike. Moto unaweza kurudi usoni mwa anayeshika kitambaa hicho, na injini ya dizeli inayolazimishwa hivyo huweza kuvunja ringi za pistoni, hasa hita plagi zikiwa zimewashwa. Yule kijana alikuwa mwanagenzi, hana glavu wala kinga ya macho. Nilikataa, nikachekwa.

Kwa hiyo nadai, na nadhani kila mwenye lori ana haki ya kudai, kwamba kabla bolti ya pampu haijalegezwa fundi anionyeshe alichopima: rangi ya moshi, volti za kila betri wakati wa stata, na matokeo ya kipimo cha jerikeni. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari, ikizungumzia makadirio ya gharama, idhini ya mteja na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Mimi sikupewa makadirio kwa maandishi, na nilipoomba plunja (pistoni ndogo za ndani ya pampu) za zamani ili zipimwe kwingine nikaambiwa zimetupwa. Stakabadhi ninazo, ujumbe wa simu tulioandikiana ninao, na nimeweka ule mpira uliopasuka pamoja na kipande cha bomba lililoliwa na kutu. Kiasi ninachodai hakifiki shilingi milioni 1, kwa hiyo kinaingia katika uwezo wa Mahakama ya Madai Madogo.

Naomba aliyewahi kufikisha gereji katika mahakama hiyo kwa kazi ya pampu anieleze mambo mawili: iwapo alihitaji ripoti ya fundi mwingine aliyesajiliwa, na iwapo karani alikubali picha za vipuri au alitaka vyenyewe viletwe. Anayejua mtu anayepima pampu kwenye mashine na kumpa mteja karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya matengenezo, awe Shimanzi, Changamwe au ng'ambo ya Likoni, aandike hapa, kwa sababu bado nataka kujua kama ile pampu iliyofunguliwa bila sababu ilirudishwa ikiwa sawa.