Kupe mikoroshoni wawili, bondeni hawahesabiki: na virusi je?

MamaMbuzi_Masasi
Wadau, habari za jioni. Nina mbuzi kumi na nne, niko upande wa Lukuledi. Asubuhi wanashinda chini ya mikorosho tuliyopalilia, mchana kijana anawashusha bondeni kwenye vichaka. Wakitoka huko masikio yamejaa kupe, na vile vidogo kuliko ufuta vimeng'ang'ania puani. Siku wasiposhuka, natoa wawili watatu basi.

Juzi nikafanya utundu. Nilifunga shuka jeupe kwenye fito, nikaliburuta juu ya nyasi hatua hamsini huku na hamsini kule. Mikoroshoni: wawili. Kando ya kichaka: nilipofika arobaini nikaacha kuhesabu, wameshaanza kunipanda gauni. Mimi huwatoa kwa mkono na kuwaponda kwa kucha, bibi alifanya hivyohivyo. Sasa shemeji anasema kupe wana virusi vinavyoua mtu. Kweli? Na bondeni ndiko viliko?

Korosho_Newala
Dada, hiyo ni salfa tunayopulizia mikorosho. Pulizia na bonde, kazi imekwisha.

MzeeWaJosho
Salfa ni ya ubwiriubwiri, ule ukungu wa mikorosho, ndugu yangu wa Newala. Bonde zima utapuliza kwa magunia mangapi?

Mama, mikoroshoni kinachomshinda kupe ni ukavu. Maisha yake mengi hayuko juu ya mnyama, yuko chini. Jike akishiba anadondoka, anataga mayai kwa maelfu, anakufa. Watoto wanapanda ncha za nyasi kusubiri anayepita. Wakianza kukauka wanashuka kwenye majani yaliyooza kutafuta unyevu, kisha wanapanda tena. Shamba ulilofyeka na kufagia, jua linapiga mchanga: atashukia wapi? Bondeni kuna kivuli, na kuna panya na sungura wa kuwalisha. Tena mvua ndiyo imekatika, huu ndio wakati wa hivyo vidogo vyako.

Virusi ni hesabu nyingine. Uliza ni kupe gani, na amenyonya damu ya nani. Yule wa kahawia wa masikioni, mpenda unyevu, ndiye anayeeneza virusi vya ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Unaua kondoo na mbuzi, hasa wageni waliotoka kusiko na kupe huyo. (Ndigana kali huileta yeye pia, ila ile ni ya ng'ombe na si virusi.)

Aliyoisikia shemeji nadhani ni homa ya Krimea-Kongo. Hiyo kupe wake mkuu ni mwingine, miguu ina pingili nyeupe na kahawia, na anavumilia nchi kavu iliyo wazi. Huyo hangoji juu ya jani. Akimhisi mnyama anamkimbilia. Kwa hiyo mahali penye kupe wachache panaweza kuwa pabaya kuliko bonde lako lenye arobaini. Mnyama mwenye virusi hivyo haonyeshi kuumwa. Mtu anavipata kwa kung'atwa, kwa kumponda kupe, au kwa damu mbichi wakati wa kuchinja. Chanjo ya kutegemea hakuna. Kucha zako ziache, mama. Tumia kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu, mtumbukize kwenye spiriti.

MamaMbuzi_Masasi
Shikamoo mzee. Kibano nimeazima kwa binti anayesuka, sijamwambia cha nini. Ila umenitia hofu nyingine: wiki ijayo naletewa beberu kutoka Dodoma.

MzeeWaJosho
Marahaba. Mwogeshe dawa kabla hajaingia zizini, na umkague miguu ya kupe wake huku umevaa glavu. Bondeni asishuke kwanza. Yeye anaweza kutuletea kupe wa kwao, na kupe wa kwetu wanaweza kummaliza.

Korosho_Newala
Na salfa je?

MzeeWaJosho
Pulizia mikorosho.