Wakuu naomba ushauri: ukuta wa historia ya nchi niugawe vipindi vingapi?

Mwalimu wa Zamu: Habari zenu wakuu. Nasimamia mchoro wa historia ya Tanzania kwenye ukuta wa shule, mita 12. Nimewaza vipande vitatu: kabla ya ukoloni, ukoloni, baada ya uhuru. Lakini kila nikiusogelea naona kuna kitu hakikai. Niongeze au niache? Jumatatu mgeni anakuja kuzindua, usingizi sipati.

Fundi Rangi: Ukuta wa nje? Piga rangi ya nje yenyewe, usidanganywe na bei.

Mjukuu wa Lugalo: Vitatu vinatosha, ila Mkwawa asikae pembeni. Babu alitusimulia vita vya Lugalo vya 1891, Wahehe wake walipowapiga Wajerumani, utadhani alikuwepo. Wareno walioipiga Kilwa 1505, kwetu Uheheni nani aliwasikia?

Karani wa Nyaraka: Tatizo ni kipande cha kwanza. Buhaya waliyeyusha chuma miaka kama 2,000 iliyopita. Kilwa ikapiga sarafu zake, msafiri Ibn Battuta akaifikia 1331. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, amekufa 1884. Wote hao unawaita watu wa "kabla ya" Mjerumani? Ukoloni umeupa mita ngapi?

Mwalimu wa Zamu: Nne. Kila kipande nne.

Karani wa Nyaraka: Yaani miaka 76 ya ukoloni, 1885 hadi 1961, imelingana na miaka 2,000.

Bint Makunduchi: Na hiyo "baada ya uhuru" inaanza lini? Shule yenyewe iko wapi, mwalimu?

Mwalimu wa Zamu: Inaanza 9 Desemba 1961. Shule iko… Unguja. Sikutaja kwa kuwa nchi ni moja. Mimi mtu wa Tabora, nimehamia mwaka huu. Na fundi ameshapiga mistari kwa rangi ya mafuta, ameshalipwa. Wanafunzi pia wamezoea vitatu.

Bint Makunduchi: Mwalimu wangu! 1961 sisi tulikuwa bado chini ya Sultani na himaya ya Mwingereza. Uhuru ni 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili. Mama yangu akihesabu wanawe husema huyu wa kabla ya Mapinduzi, huyu wa baada. Na Sultani utamtia kipande gani? Kuna watakaokwambia ni ukoloni, kuna watakaokataa, na watoto wao wote wako darasani kwako.

Mpiga Kengele: Hii chai, stori ya kutunga. Mwalimu wa historia yuko Unguja hajui 1964? Weka picha ya ukuta.

Mjukuu wa Lugalo: Hata mimi nilishtukia. Mita 12, mgeni Jumatatu, leo Ijumaa!

Mwalimu wa Zamu: Picha siweki, jina la shule linaonekana. 1964 naijua, nimeiandika ndani ya kipande cha tatu, mstari mmoja.

Bint Makunduchi: Mstari mmoja.

Karani wa Nyaraka: Chai au si chai, swali ni la kweli. Mwalimu, chora utepe mmoja mrefu, miaka juu, matukio ya bara na visiwani yaende sambamba. Yakutane 26 Aprili 1964. Hakuna ukuta kati ya vipindi.

Mwalimu wa Zamu: Nimetoka nje na tochi kuutazama. Fundi Rangi bado upo? Mistari ya mafuta inafutwaje?

Fundi Rangi: Haifutwi. Piga msasa mpaka ikwaruzike, paka nyeupe mara mbili, acha ikauke usiku kucha. Anza kesho alfajiri.