Testi: Afrika Kusini, Australia au India, nani bora kwa sasa na tumpime kwa kipi?

Mkeka_wa_Upanga (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Tangu Afrika Kusini wawachape India 2-0 nyumbani kwao Novemba 2025, pale kazini kwetu hakuna amani. Mmoja anasema Australia ndio baba lao, mwingine anasema bila Bumrah, mrushaji wa India, hakuna mjadala, mwingine anafungua jedwali na kusema tusome pointi tukalale. Nauleta ubishi huu kwa wanaofuatilia Testi, yaani kriketi ya siku 5, kwa dhati.

Mimi naweka Afrika Kusini juu. Kipimo changu ni ugenini. Kushinda kwako, pichi (ule ukanda wa katikati mpira unapodunda) umeitengeneza mwenyewe, haunishtui. Lakini India walikaa kuanzia 2012 hadi 2024 bila kupoteza mfululizo hata mmoja wa Testi nyumbani. Wakaja New Zealand wakawafunga 3-0, na mwaka mmoja baadaye Bavuma, nahodha wa Afrika Kusini, na vijana wake wakamaliza kazi: Kolkata kwa mikimbio (alama za wapigaji) 30, Guwahati kwa mikimbio 408. Mara ya mwisho Afrika Kusini kushinda mfululizo India ilikuwa 2000. Mrushaji wao Simon Harmer aliondoka na wiketi 17 (wapigaji aliowatoa) katika mechi 2, kwenye nchi ambayo wenyeji ndio wanaojivunia spini, mipira ya kuzungusha.

Karibuni mnipinge, ila mje na hoja.

Ova_ya_Sita

Mkuu, naomba kutofautiana. Ugenini sawa, lakini umesahau kuuliza *dhidi ya nani*.

Angalia mzunguko wa Ubingwa wa Dunia wa Testi wa 2023 hadi 2025 uliowapeleka fainali. Walicheza Testi 12 tu: wakashinda 8, wakapoteza 3, sare 1. Ushindi ni pointi 12, sare ni 4, kwa hiyo wana pointi 100 kati ya 144, ndiyo ile asilimia 69.44 iliyowaweka kileleni. Hesabu iko sahihi. Ila katika hizo 12 hawakukutana na Australia wala England. Walikwenda West Indies na Bangladesh, wakawapokea Sri Lanka na Pakistan. Kule New Zealand, Afrika Kusini walipeleka kikosi cha pili kwa sababu wakubwa wao walibaki kwenye ligi ya T20 (kriketi fupi) nyumbani, wakapigwa 2-0.

Australia katika mzunguko huohuo walicheza 19. Sare ya 2-2 England 2023, ushindi wa 2-0 New Zealand, 2-0 Sri Lanka, na wakawafunga India 3-1 nyumbani Australia. Timu inayocheza mechi nyingi dhidi ya wakubwa lazima ijeruhiwe njiani. Jedwali la asilimia halioni hilo, linaona sehemu tu.

BintiKisauni

Ova_ya_Sita, kaka yangu, hoja ya njia rahisi ina mwisho wake, na mwisho wenyewe ulikuwa fainali, uwanja wa Lord's, Juni 2025. Walikutana na hao hao Australia unaowasifia.

Nilikaa na ile mechi siku zote 4. Australia 212, Afrika Kusini 138. Cummins wa Australia kachukua wiketi 6 kwa kutoa mikimbio 28 tu, nikajua basi, yale ya miaka yote yanarudi. Kisha Afrika Kusini wakatakiwa kufukuza mikimbio 282 kwenye uwanja ambao wiketi 28 zilikuwa zimeanguka ndani ya siku 2. Bavuma akiwa na mikimbio 2 Smith wa Australia akashindwa kuudaka mpira wake, ukamtegua Smith kidole. Bavuma alipofika 6 msuli wa nyuma ya paja ukamkaza. Wakati wa chai benchi lilikuwa linafikiria kumpumzisha, yeye akakataa. Nenda uangalie zile picha: mwenzake Markram anapiga, Bavuma anakimbia kwa mguu mmoja, anafika upande wa pili anajishika paja, anageuka, anaenda tena. Walijenga 147 pamoja. Markram, aliyetolewa bila mkimbio zamu ya kwanza, akafikisha 136. Rabada, mrushaji wao, alikuwa ameshazoa wiketi 9.

Hata msimu ungekuwa wa kucheza na watoto wa shule, ukimfunga bingwa mtetezi kwa wiketi 5 namna ile hujabebwa na ratiba. Na taji lao la mwisho la ICC, shirika la kriketi duniani, lilikuwa 1998. Miaka 27, jamani. Sitaki kusikia neno bahati.

Fundi_Mshono

Mnalinganisha timu kama zote zinatumia mpira wa aina moja. Hazitumii, na hapo ndipo takwimu za wachezaji zinapotudanganya.

England na West Indies wanatumia Dukes, umeshonwa kwa mkono, mshono umesimama na unakaa hivyo kwa ova (kila ova ni mipira 6) nyingi. India wanatumia SG. Kwingine karibu kote ni Kookaburra, ambao mshono wake unalala mapema, na mrushaji akishapoteza zile ova 20 au 30 za mwanzo anabaki na mabega yake tu. Nimerusha mipira kwenye mkeka uliotandikwa juu ya zege kwa miaka mingi, najua mpira uliochoka unavyokuacha peke yako.

Ndiyo maana kwangu Bumrah ni namba moja kati ya warushaji wote walio hai. Wiketi 200 kwa wastani wa chini ya mikimbio 20 kwa kila wiketi, hakuna mwingine aliyewahi kufika pale akiwa na wastani huo. Na zile 32 alizozipata Australia 2024-25 alizichukua kwa Kookaburra, ugenini, mwenzake upande wa pili akivuja mikimbio. Rabada anamkaribia kwa kitu kimoja: anahitaji mipira michache zaidi kuangusha wiketi. Lakini Rabada hujaza nusu ya kitabu chake kwenye pichi za nyumbani zinazomsaidia.

Muscat_Kusini

Fundi, kwa Bumrah umenena, na mimi ni India damu. Ila nikiri kitu kinachoniuma. England 2025, mfululizo uliokwisha 2-2, Bumrah alicheza Testi 3 kati ya 5 ili kulinda mgongo wake. Katika hizo 3 tulipoteza 2, moja sare. Tulizoshinda, kwenye viwanja vya Edgbaston na The Oval, hakuwepo. Edgbaston Akash Deep alichukua wiketi 10. The Oval tukashinda kwa mikimbio 6, Siraj akichukua 3 asubuhi ile ya mwisho, yeye aliyecheza mechi zote 5 na kumaliza na wiketi 23.

Simaanishi Siraj ni bora kuliko Bumrah. Namaanisha kuwepo ni sehemu ya ubora. Siku 5 mara 5 ni siku 25. Mrushaji anayeweza kurudi ova ya 80 ya Testi ya tano ana thamani ambayo wastani hauionyeshi.

Kuhusu Kolkata, kumbukeni nahodha wetu Gill aliumia shingo na hakupiga zamu ya pili. Tulikuwa tunatafuta 124, tukaishia 93. Sijitetei kwa Guwahati, pale tulipigwa kihalali.

Mkeka_wa_Upanga

Muscat, hilo la kuwepo sikuwa nimelifikiria, na linanisumbua kwa sababu Rabada naye hakuwepo India, na timu yake ikashinda. Nilikuwa nakuja kuandika kwamba Rabada ndiye anayeibeba Afrika Kusini. Nalifuta.

Kolkata mtu pekee aliyefikisha 50 katika mechi nzima alikuwa Bavuma, 55 bila kutolewa. Mikimbio 55! Ukiisoma kwenye orodha ya takwimu unaipita bila kugeuka.

BintiKisauni

Na hapohapo tumuongelee Mulder wa Afrika Kusini. Bulawayo, Julai 2025, mikimbio 367 bila kutolewa, kisha akafunga zamu wakati wa chakula akaiacha rekodi ya 400 ya Lara wa West Indies pale ilipo. Heshima aliyoonyesha naipenda mno. Lakini ile 55 ya Kolkata naiweka juu ya 367 za Bulawayo bila kusita. Zimbabwe wana Testi tangu 1992 na nawapenda, ila warushaji wao siku ile hawakuwa na makali, na pichi ilikuwa tambarare kama meza.

Ova_ya_Sita

Dada, hapo tuko pamoja. Kwa wapigaji mimi bado ni Root wa England. Kwa jumla ya mikimbio ya Testi kampita Ponting wa Australia, mbele yake kabaki Tendulkar wa India peke yake na 15,921 zake. Watu walikuwa wanamnyima kwa kuwa hakuwa na senchuri (mikimbio 100 katika zamu moja) Australia, Desemba 2025 akaipata Brisbane.

Fundi_Mshono

Nje kidogo ya mada, kwa vijana wanaodhani Testi haituhusu: Qasim Umar wa Pakistan alizaliwa Nairobi, na ana senchuri mbili za mikimbio zaidi ya 200. Derek Pringle wa England na Dipak Patel wa New Zealand nao walizaliwa Nairobi. Nchi zetu hazijapewa hadhi ya Testi, lakini mchezo huu tumeuchangia damu.

Ova_ya_Sita

Asante kwa hilo, Fundi, la Qasim Umar nilikuwa silijui.

Mkeka, nikurudie. Lord's nakubali, BintiKisauni amenishinda pale. India nakubali. Lakini kumweka mtu juu ya Australia kwa muda mrefu nahitaji kuona zaidi ya fainali moja. Mzunguko huu Australia wamepangwa kwenda Afrika Kusini 2026 kwa Testi 3, kisha India mwanzoni mwa 2027 kwa Testi 5. Cummins, Starc na Lyon hawazidi kuwa vijana, na Kookaburra yao haitakuwepo India. Wakitoka salama kwenye hizo 8, usinitafute. Wakipigwa, nakuja kwenye uzi huuhuu na jina lako naliandika la kwanza.