Jamaa wa Mkomani: Safari ya Shela, Jumamosi

*Ijumaa*

Salma: Asalaam alaykum jamaa. Tumefika Lamu salama, watoto wamelala na viatu. Kesho nataka niwatembeze Shela na yale magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Nimepanga hivi: saa tatu asubuhi tuko Takwa, mchana tunakula Shela, jioni wanaogelea. Nani anakuja?

Ami Athmani: Waalaykum salaam. Ratiba hii umeipangia Nairobi?

Salma: Ami usianze 😂 ina kosa gani?

Ami Athmani: Mwezi umeandama jana. Kesho mwezi mbili, ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Saa tano maji yamekupwa kabisa. Saa tatu mtaingia Takwa, kutoka hamtoki.

Swaleh: Niulizeni mimi. Mwaka jana nahodha alituambia "dakika kumi tu, mwangalie magofu nawangojea". Kurudi, mashua imekaa kwenye tope katikati ya mikoko. Tulingoja maji hadi Magharibi. Mbu walinijua kwa jina.

Khadija: Na ulikuwa na kaptula 🙈

Ami Athmani: Geuza tu. Shela asubuhi, Takwa alasiri. Tena asubuhi maji yakiwa yanapwa mtakwenda kwa miguu ufukweni, kama kilomita tatu kutoka mjini. Yakijaa, hapo pa kupita ni padogo.

Salma: Na watoto? Wataweza?

Mama Twalha: Wataweza, wapewe maji na kofia. Mimi naja nao. Salma, Shela ni nyumbani kwa watu, usiwaache wapite mitaani na nguo za kuogelea. Kuna msikiti mlangoni mwa kila mtaa.

Swaleh: Kila mtaa tena, Mama Twalha 😄

Mama Twalha: Umenielewa.

Khadija: Bibi amesikia tunazungumza Takwa, ametuma sauti ya dakika sita. Nawaandikia mlio kazini:

"Salma, wanao wasitembezwe kama wageni. Mama wa babu yao alikuwa Mshela, na Washela asili yao ni Takwa. Visima vya kule viliingia munyu, ndipo watu wakavuka wakaja upande huu. Mpaka sasa wao huenda kule kaburini kuomba mvua. Basi wakifika, wasome Fatiha kwanza, picha baadaye."

Salma: Bibi yangu ❤️ Hilo kaburi ndilo lenye mnara?

Ami Athmani: Ndilo, lina nguzo, liko nje kidogo ya ukuta wa mji. Msikiti nao una nguzo yake, imesimama juu ya ukuta wa kibla. Wenyewe hauna paa, ila kuta ziko imara kwa ule umri wake, maana mji uliachwa karne ya 17. Waonyeshe watoto milango ya nyumba, mingi imetazama kaskazini, upande wa kibla. Na mibuyu.

Khadija: Sauti inaendelea, Bibi amefika kwenye vita:

"Watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa walishuka hapo hapo Shela kuja kututwaa. Wakapigwa. Wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamepwa, vyombo viko juu ya mtanga. Nao hawakuuliza mwezi."

Swaleh: Bibi ameniweka safu moja na Wamazrui 😭😭

Ami Athmani: Hiyo ni karibu mwaka 1813. Ndipo Lamu ikamwita Seyyid Said wa Oman, na ngome ya mjini ikamaliziwa baadaye.

Salma: Kumbe. Mimi Shela nilikuwa naijua ya pwani tu na zile nyumba za kupangisha.

Mama Twalha: Wengi hivyo. Anzeni Msikiti wa Ijumaa, umejengwa 1829. Mnara wake mweupe, mnene chini, umechongoka juu, huwezi kuuchanganya na mwingine. Simameni nje pembeni, pale kwenye kivuli. Utaona mchanga umejaa uchochoroni, punda akipita husikii kwato.

Ami Athmani: Halafu wapandishwe matutani. Si kwa kuteleza tu. Maji ya kunywa ya mjini yanatoka chini ya ule mchanga: mvua inazama, tuta linayashika. Halafu mtu anakuja anataka kujenga nyumba na bwawa la kuogelea juu yake! Dunia nzima imetuandika kwenye urithi tangu 2001, sisi tunabomoa kisima chetu.

Swaleh: Ami ameshapanda mimbari.

Ami Athmani: Utakuja kunywa hiyo mimbari.

Salma: 😂 Haya. Saa mbili na nusu, mbele ya Makumbusho. Tunatembea hadi Shela, matuta mapema kabla jua halijakaza, chakula, wanalala kidogo. Takwa saa tisa na nusu?

Ami Athmani: Saa kumi. Muwe mmetoka kabla ya Magharibi.

Khadija: Mkate wa mofa nani analeta?

Mama Twalha: Mimi. Na samaki wa kupaka, msinunue huko.

Swaleh: Mimi naleta suruali ndefu.

Salma: Na nahodha? Asiwe yule wa mwaka jana.

Ami Athmani: Nimempata mwingine. Nilimuuliza maji yanajaa saa ngapi kabla sijamuuliza bei.

Salma: Akasemaje?

Ami Athmani: Kaangalia juu kidogo, akasema kumi na moja na ushei. Simu hakuitoa mfukoni.