Breki ya mtutu imepunguza teke la bunduki, lakini masikio yanavuma: naomba ushauri

Ndugu zangu, ninaishi Montana, Marekani, na kila majira ya kuchipua jirani yangu hunikaribisha kuwapunguza kindi wa ardhini wanaotoboa mashimo katika shamba lake la nyasi za mifugo. Natumia bunduki ya risasi za .243 Winchester. Nikifikisha risasi 80 hivi bega huuma, na kila nikifyatua darubini huruka, hata nisione risasi imetua wapi. Nikafungisha breki mdomoni mwa mtutu, lile bomba fupi lenye matundu. Teke likapungua kweli, ila masikio yalivuma siku mbili mfululizo ingawa nilivaa vizibo vya sponji. Kinachoninyima usingizi ni mwanangu wa miaka 15, ambaye hukaa ubavuni mwangu akinitazamia shabaha. Je, niiondoe?

Fundi wa Mitutu: Iondoe leo, ndugu yangu. Breki hupunguza teke kwa kuielekeza gesi ya baruti pembeni na nyuma, na mlio hufuata huko huko, kwa hiyo anayeumia zaidi ni aliyekaa ubavuni, yaani kijana wako. Bunduki kama yako hupita desibeli 150, ilhali mlio wa ghafla wa desibeli 140 unatosha kudhuru sikio. Afadhali kiwambo cha kuzuia sauti, ambacho Montana inakiruhusu kwa masharti ya usajili yatokanayo na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, kwa kuwa hupunguza mlio na teke kwa pamoja. Hata hivyo, mlio wa mpasuko unaotokana na risasi kwenda kasi kuliko sauti hubaki palepale, basi msivue kinga za masikio.

Mwindaji wa Nyika: Kindi hahitaji .243. Bunduki ya .223 Remington yenye mtutu mzito hupiga teke lisilofika nusu ya hilo, na utaiona risasi ikitua.

Mpima Masikio: Vaeni vizibo na juu yake vifunika masikio, ingawa tabaka la pili huongeza takriban desibeli 5 tu. Kizibo cha sponji kisokotwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma, kisha kishikiliwe mpaka kijae. Wengi hukiacha nusu nje. Huko kuvuma kwa siku mbili usikupuuze, kwa maana chembe za kusikia zikifa hazioti tena. Nendeni mkapimwe wote wawili kabla hamjarudi shambani.