Kuzamia kwenye mwamba wa Kinasi Pass, Mafia: mkondo ukoje?

Mgeni_wa_Chole: Habari wadau, Desemba naenda Mafia nataka kuzamia ule mwamba uliosimama chini ya maji pale Kinasi Pass, leseni yangu ni ile ya kwanza, mwisho mita 18, sasa nasikia mkondo pale mkali sana naogopa kidogo, nitaweza?

Nahodha77: Utaweza ila usiende saa yoyote tu. Lile ndo lango la Chole Bay, maji ya ghuba yanapita hapo, yakipwa yanakusukuma nje bahari kuu. Zamia maji yakijaa yanakupeleka ndani, na chagua siku za maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, achana na bamvua, yakipanda na kushuka sana. Chewa wa pale wakubwa aisee, nilitulia nawaangalia mpaka mtungi ukafika nusu.

Bi_Matumbawe: Na usishike matumbawe jamani, ile ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania. Ukizamia mara kadhaa subiri angalau masaa 18 ndo upande ndege ya Dar.

Mgeni_wa_Chole: Asanteni sana. Papa potwe nao wako hapo hapo?

Nahodha77: Hapana, hao upande wa Kilindoni, unaogelea nao juu juu tu. Desemba msimu wao.